Waridi Halihesabiwi

Pelagia alikipoteza kiwanja chake kwa kuogopa kivuli. Ukimuuliza yeye atakwambia alinyang'anywa na shemeji yake, na hilo ni kweli kabisa. Lakini aliyemwonyesha shemeji pa kuchimba ni yeye mwenyewe, tena huku akicheka, na kila akilikumbuka hilo hukosa usingizi.

Kiwanja kilikuwa Ikola, karibu na maji kiasi kwamba ziwa likichafuka povu linaingia uani. Urefu wake hatua kumi na nane, upana kumi na mbili, na nusu yake ilikuwa imekaliwa na nyumba ya tofali mbichi ya vyumba viwili. Iliyobaki ilikuwa mchanga na upepo. Mume wake, Silvester, alipewa na ukoo wake mwaka themanini na nane, siku ya harusi, kwa mdomo tu mbele ya wazee, kama viwanja vyote vilivyotolewa pale. Kwa Pelagia, aliyezaliwa Mpimbwe katikati ya majaruba ya mpunga, kiwanja kile hakikutosha hata kuanikia nafaka. Alikipenda hivyo hivyo. Kwao walikuwa wasichana sita chumba kimoja, na hakuwahi kuwa na mlango wa kuufunga mwenyewe.

Alizaa mtoto mmoja, Ponsian. Surua ilimchukua akiwa na miezi kumi na minne, na baada yake hakupata mwingine. Watu waliendelea kumwita Mama Ponsian, kwa heshima, na yeye aliitika. Jina hilo liliitwa miaka mingi kuliko aliyoishi mtoto.

Mwaka tisini alikuwa anafua vitambaa vya altare misheni. Huko alikuwepo Sista Candide, mtawa wa Kirundi, mzee, mkali wa maneno, aliyekuwa na safu ya mawaridi mbele ya nyumba ya masista. Hayakuwa yale marefu yenye ua moja moja kichwani. Haya yalikuwa mafupi, hayavuki kiuno, yamejikusanya, na kila kijiti kilibeba kishada cha maua saba, tisa, mpaka kumi na mawili. Yalichanua mekundu, yakazeeka kwa rangi ya waridi, na kabla hayajaisha mengine yalikuwa yameshachomoza chini yake. Pelagia aliyatazama wiki tatu akifua. Wiki ya nne aliomba.

Sista alimkatia vijiti tisa vya urefu wa penseli, akavifunga kwenye gunia lililoloweshwa. "Haya si ya kudekeza," alimwambia. "Jua, maji kidogo, na mkasi. Hayataki zaidi ya hapo. Na kivuli usiyape hata kidogo, yatakupa majani matupu."

Kwamba waridi lile lilikuwa vumilivu, Sista hakudanganya. Upepo wa ziwa ulivunja mipapai ya watu na kuyapita mawaridi kwa kuwa ni mafupi. Majani yake hayakupata madoa. Mbuzi alilionja mara moja, mwiba ukamwingia mdomoni, hakurudi. Lakini hata mmea mvumilivu haufiki mbali kama hauna pa kusimama, na mchanga wa Ikola si udongo. Mwezi mzima wa Novemba Pelagia alishuka bondeni, mtoni, akapanda na udongo mweusi kichwani. Makarai thelathini na sita. Alichimba mashimo ya kina cha mkono mpaka kiwikoni, akachanganya udongo na samadi ya mbuzi iliyokaa mwaka, akazungushia matete na kipande cha wavu mkuukuu mpaka vijiti viliposhika. Kila Ijumaa aliyamwagia maji aliyooshea dagaa wabichi, kwa maana hayo ni mbolea. Maji ya mgebuka, samaki wa ziwani anayehifadhiwa kwa chumvi, alikaa nayo mbali. Mara moja jirani alimsaidia bila kuulizwa, akamwaga yale ya chumvi kwenye shina la mwisho, na kabla wiki haijaisha lilikuwa kuni. Ikabidi arudi kwa Sista kuomba kijiti kingine.

Ilipofika mwaka wa tatu ulikuwa ukuta mdogo wa maua mbele ya nyumba, unaotazama njia ya kwenda mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki. Wachuuzi wa dagaa wa kutoka Mpanda walisimama hapo wakatua mizigo. Maua yalikwenda altareni, yalikwenda harusini, yalikwenda msibani. Na wanawake wakaanza kuja kuomba vijiti.

Hapa ndipo mdomo ulipomponza. Kila aliyekuja na kumuuliza, dada, unayafanyaje, Pelagia alitabasamu, akakata kijiti, akasema, "Hayana kazi haya. Yanajiotea tu." Hakutaja karai hata moja. Watu wa ziwani walikuwa na utani wao juu ya watu wa Mpimbwe, kwamba wamezaliwa wameinama na watazikwa wameinama, na siku alipoolewa alitaniwa hivyo mpaka machozi yakamlengalenga. Basi alitaka angalau kitu kimoja kimtoke mikononi kama hakumgharimu jasho. Ni majivuno madogo, kila mtu anayo. Wengine hayawagharimu kitu.

Sasa habari ya michungwa. Mwaka tisini na moja Silvester alitoka Kigoma kwa meli na miche miwili kwenye mifuko ya nailoni. Alikuwa na furaha kama mtu aliyeleta ng'ombe. Alitaka kuipanda mbele ya nyumba, kwani nyuma kulikuwa na choo na jiko. Pelagia akamzuia mlangoni.

"Mume wangu, hiyo ikikua itayafunika maua yangu. Nimeambiwa yasione kivuli."

"Machungwa tutakula. Maua utakula?"

"Mpe Fabiani."

Fabiani alikuwa mdogo wake Silvester na kiwanja chake kilipakana na chao, ila cha kwake kilikuwa mawe. Silvester alinuna siku mbili, kisha akampa. Mtu huwa hashindani sana na mke aliyefiwa na mtoto. Fabiani alipokuja na jembe akahangaika kutafuta penye udongo, Pelagia ndiye aliyetoka nje, akapima kwa macho, akanyoosha kidole upande wa kusini, hatua mbili ndani ya kiwanja chake mwenyewe.

"Panda pale, shemeji. Kivuli chake hakitanifikia."

Hakukuwa na uzio kati ya ndugu wawili, nani angeujenga. Na Fabiani alipovuka ng'ambo, Kongo, kutafuta maisha, akakaa huko miezi minane, maji ya dagaa yaliyobaki kwenye beseni baada ya mawaridi, Pelagia aliyamwagia michungwa. Alisema moyoni, ni ya shemeji, nayo ina roho. Tenda wema nenda zako, ndivyo tulivyofundishwa. Mtu angetuambia na pa kwenda.

Silvester alifariki Machi tisini na saba. Ilikuwa ngiri. Ilimbana usiku, asubuhi wakapata lori linalokwenda Mpanda, na masika yalikuwa yameharibu barabara. Lori likazama kwenye tope siku mbili. Pelagia alimshikia kichwa mapajani huku wanaume wakikata miti ya kutegea magurudumu, na siku ya pili jioni hakukuwa na haja tena ya kuharakisha. Wakamgeuza, wakamrudisha, wakamzika.

Baada ya arobaini ukoo ulikaa kwa Mzee Nashon, baba mdogo wa marehemu. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake mkekani, karibu na mlango wa jiko. Pelagia alikwenda pale bila hofu kubwa. Alijua vyombo vitagawanywa, nguo zitagawanywa, mtumbwi utakwenda kwa Fabiani na sawa. Alichotaka ni kubaki na nyumba yake na mlango wake. Kitu kimoja hicho. Alikuwa tayari kuacha hata sufuria.

Mzee Nashon hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana ilimuuma zaidi. Angekuwa mbaya angemchukia akapumzika.

"Mama Ponsian, pole tena na msiba," alisema. "Tunataka tumalize leo vizuri, nyie wote mkiwepo, tusije tukagombana. Unajua desturi yetu. Kiwanja cha marehemu ni cha mtoto. Mtoto kama hayupo, kinamfuata aliyepanda mti. Pale kwa Silvester, mti ameupanda nani?"

"Mti gani, baba?"

"Wa kudumu. Mwembe, mchikichi, mchungwa."

"Ipo michungwa miwili. Aliileta mwenyewe marehemu kutoka Kigoma."

"Aliileta. Mimi nauliza mkono ulioipanda."

Fabiani alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Hakuwa na haja ya kusema. Machungwa ya miti ile yalikuwa yameliwa na kila mtu aliyekaa pale, na wote walikuwa wakiyaita machungwa ya Fabiani.

"Ni shemeji," alisema Pelagia. "Lakini miche nilimpa mimi. Na mahali nilimwonyesha mimi."

"Ulimpa kwa nini?"

"Ingeweka kivuli kwenye maua."

Mtu mmoja kwenye benchi la nyuma alicheka puani. Pelagia alihisi uso unawaka. Akasimama, jambo ambalo mwanamke halifanyi kwenye kikao kile.

"Na mimi nimepanda, baba. Mawaridi mashina tisa, yana miaka saba. Udongo nimeutoa mtoni kwa kichwa changu, makarai thelathini na sita. Nimeyalea kama mtoto. Kama mkono ndio unaohesabiwa, hata wangu upo."

Mzee Nashon alikuna kidevu. Kwa muda mfupi, na Pelagia anaapa mpaka leo, mzee alikuwa anafikiri kweli. Kisha akageukia mkekani, kwa Specioza, mke wa Fabiani.

"Specioza, hata wewe unayo yale maua kwako?"

"Ninayo, baba. Alinipa dada."

"Yana kazi?"

Specioza hakuwa mwongo. Alimtazama Pelagia kwa namna ya kuomba radhi kabla hajafungua kinywa. "Mwenyewe dada aliniambia hayana kazi. Yanajiotea tu."

"Hata mimi aliniambia hivyo," alisema mwingine. Na wa tatu akatikisa kichwa kukubali. Wote watatu walikuwa na vijiti vyake uani kwao.

Pelagia alibaki amesimama. Alikuwa na neno moja tu la kujitetea, nalo lilikuwa kwamba miaka yote saba alikuwa anawadanganya. Alilitafuta ulimini akaliona limekauka. Aseme mbele ya ukoo mzima kwamba alijivuna, na kwamba alikuwa anabeba makarai saa ambazo wenzake hawamwoni? Nani angemwamini sasa, wakati kiwanja kiko mezani? Akakaa chini. Majuto ni mjukuu, husemwa. Yeye alikuwa bibi saa ile ile.

"Waridi halihesabiwi, mama," alisema Mzee Nashon kwa upole. "Ni pambo. Mti unamlisha mtu na unamzidi umri. Maua yako chukua, hakuna atakayekuzuia. Au kama unapenda ubaki, Fabiani yupo, atakuangalia."

Kila mmoja alijua maana ya kuangaliwa na Fabiani. Specioza aliinamisha kichwa. Pelagia alisema hapana, asanteni, na hilo ndilo neno la mwisho alilolitoa kwenye ukoo ule.

Walimpa mpaka mwisho wa Juni. Fabiani alikuja mara mbili, mikono nyuma, kumkumbusha mawaridi yake. "Shemeji, yachimbue mapema. Mimi pale mbele nataka kuanikia dagaa." Alilisema vizuri, kwa sauti ya mtu anayefanya hisani. Pelagia alimjibu atayashughulikia.

Aliyachukia. Hilo liko wazi na halina haja ya kufunikwa. Alimchukia Fabiani kidogo, Specioza kidogo zaidi kwa kuwa alisema kweli, na mdomo wake mwenyewe aliuchukia kila alipounawa asubuhi. Lakini chuki kubwa iliangukia pale mbele ya nyumba, kwenye yale mashina mafupi yaliyoendelea kuchanua vishada mwezi wote wa Juni, bila maji, bila mkasi, bila mtu, yakiwaonyesha wapita njia wote kwamba ni kweli, yanajiotea.

Siku ya kuondoka, asubuhi, mizigo ikiwa imeshafungwa, alikwenda kwa jirani akaomba maji ya pipa la mgebuka wa chumvi. Alijaza beseni mara tatu. Akainama kwenye kila shina, akalimwagia taratibu mpaka mchanga ukalewa, akahamia la pili.

Specioza alipita na ndoo. "Dada, hata leo unayamwagilia?"

"Nayaaga."

Specioza akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Akasema moyo wa Mama Ponsian haupatikani tena Ikola. Wapo watakaosema lile tendo ni dhambi, na pengine ni dhambi. Mimi sikubeba yale makarai.

Alihamia Mpanda mjini, Nsemulwa, akapanga chumba kwa Nyanzala, mama wa Kisukuma aliyekuja na wakwe zake na ng'ombe kutoka kaskazini, ng'ombe wakaisha akabaki na kiwanja kikubwa na nyumba ndefu ya vyumba vitano. Pelagia aliuza dagaa kwa fungu sokoni. Nyanzala alimpenda. Walisuka mikeka pamoja, walisali makanisa tofauti na kurudi kula meza moja. Nyuma ya nyumba kulikuwa na eneo tupu, udongo mwekundu mzuri, halina hata kisiki.

Wiki ile ile ya kufika, Pelagia alinunua machungwa sokoni, akala, akahifadhi mbegu. Alizipanda kwenye makopo ya mafuta ya kupikia aliyotoboa chini. Zilizoota zilikuwa tano. Alizilea mwaka mzima barazani, na safari hii kila mtu aliyepita alihadithiwa: ameamka saa ngapi, amemwagia maji mara ngapi, samadi ameitoa wapi, mgongo unavyomuuma. Majirani walichoka kumsikiliza. Hakujali. Alikuwa anatafuta mashahidi.

Julai tisini na nane miche ilikuwa imemfika magotini. Akamwendea Nyanzala, akamsalimia vizuri, akamwomba sehemu ndogo tu kule nyuma, pembezoni, ya kupanda michungwa mitano. Matunda watagawana.

Nyanzala aliweka chini ungo wa mchele. Alizungumza kwa huruma.

"Mama Ponsian, we mtu mzuri, sijawahi kupata mpangaji kama wewe. Kaa hapa hata miaka kumi. Lakini mti hapana. Kule kwetu mpangaji alipanda mwembe kwenye kiwanja cha baba yangu. Alipokufa, wanae walikuja na wazee wao, wakauliza mwembe kapanda nani. Tukahama sisi."

"Nimekuelewa, mama."

"Mchicha panda. Maua panda, tena ujaze uwanja wote, yatapendeza. Maua hayana neno."

Pelagia hakubishana. Angekuwa yeye mwenye kiwanja, angejibu hivyo hivyo, bila kubadilisha hata neno.

Michungwa iko barazani mpaka sasa, kwenye makopo yale yale, imepangwa juu ya ubao ili isiguse ardhi. Inataka kukua. Kila Jumamosi Pelagia anaketi kwenye kigoda, ananyanyua kopo moja moja, analigeuza, na mizizi iliyochungulia kwenye matundu ya chini anaikata kwa kisu, asije mwenye nyumba akadhani anapanda.